Jinsi ya kujenga mnara mdogo wa taa kwa mawe katika kisiwa cha Ziwa Kivu

Usiku usio na mwezi, nahodha anayekaribia kisiwa cha Ziwa Kivu hasumbuliwi na ukosefu wa taa, bali na wingi wake. Wavuvi wa sambaza huunganisha mitumbwi mitatu kwa nguzo ndefu, hushusha wavu katikati na kuning'iniza taa juu ya maji ili samaki wapande, na tangu samaki huyo aletwe kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, taa hizo zimekuwa sehemu ya usiku wa ziwa letu kama nyota zilivyo sehemu ya anga. Kwa hiyo mtu anayetaka kuweka taa kisiwani ili boti zipate gati salama hana budi kujiuliza, kabla ya kununua mfuko mmoja wa simenti, ni kwa alama gani taa yake itatambulika kati ya taa nyingine zote.

Nasema hivyo kwa sababu taa ya kwanza niliyoshiriki kuijenga iliwaka nyeupe bila kukatika usiku kucha, nasi tuliokuwa nchi kavu tuliisifu sana. Wiki ya pili mzee mmoja wa mtumbwi alituambia, bila hasira yoyote, kwamba aliiona na akaipita, kwani alidhani ni wenzake wanavua. Mchana nao haukutusaidia, maana tulikuwa tumejenga kwa mawe meusi ya volkano bila kuyapaka kitu, na mnara ulipotea kabisa mbele ya ukingo mweusi uliokuwa nyuma yake. Maelezo yanayofuata ni ya mnara wa mita 5, unaoweza kujengwa na waashi wanne wa Goma katika msimu mmoja wa kiangazi, na ambao haurudii makosa hayo mawili.

Mahali pa kuuweka

Idhini hutangulia. Alama zinazoongoza vyombo katika maji ya ndani ya Kongo ni kazi ya Régie des Voies Fluviales, shirika la serikali linalosimamia njia za maji, na mkuu wa bandari pamoja na chifu wa kijiji wanapaswa kujua kinachojengwa, kwa sababu taa isiyojulikana ni hatari kuliko giza. Kisiwa cha Chegera, kilicho karibu na Goma na ambacho wengi hukifikiria kwanza kwa sababu ya umbo lake la mwezi mchanga, kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, kwa hiyo hapo hakuna jiwe linalosogezwa bila ruhusa ya wahifadhi.

Ukishapata idhini, panda kwenye mtumbwi, si kwenye kilima. Mahali pa mnara huchaguliwa kutoka majini, kwa kuzunguka kisiwa polepole na kuona ni sehemu gani ya nchi inayoonekana kutoka kila upande ambao boti hutokea. Kimo cha kutosha hupatikana kwa hesabu nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha taa juu ya maji kwa mita, kizidishe kwa 3.9, na utapata umbali kwa kilomita ambao mwangaza unaweza kufika kabla ya mviringo wa dunia kuuficha. Taa iliyo mita 9 juu ya maji hufika karibu kilomita 11.7. Jicho la mtu aliyeketi mtumbwini, mita 1 juu ya maji, lina kilomita zake 3.9, na ukijumlisha unapata zaidi ya kilomita 15. Ndiyo sababu sishauri mnara mrefu: mwinuko wa mita 4 ambao tayari upo kisiwani hukupa bure kile ambacho ungekilipia kwa mawe na jasho.

Hata hivyo, kimo kina mpaka wake. Mnara wa kale wa Point Loma, pale San Diego nchini Marekani, uliwashwa mwaka 1855 ukiwa kwenye kilima chenye kimo cha karibu mita 129 juu ya bahari, na mabaharia wakagundua kwamba usiku wa ukungu taa ilikuwa juu ya mawingu wakati wao walikuwa chini yake. Mwaka 1891 ulizimwa, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine uliojengwa chini karibu na maji. Mtu yeyote aliyeona jinsi mawingu ya asubuhi yanavyolala juu ya vilima vya kisiwa cha Idjwi katika majira ya mvua anaelewa bila kufafanuliwa. Mita 8 hadi 15 juu ya maji zinatosha.

Usijenge pia ukingoni kabisa. Kiwango cha ziwa hupanda na kushuka kufuatana na mvua, na mawimbi ya mchana, upepo unapoamka, hula udongo kidogo kidogo. Maji yanaweza vilevile kukukimbia: mnara wa mawe wa Gibraltar Point, uliojengwa mwaka 1808 katika kisiwa cha Toronto, kwenye Ziwa Ontario nchini Kanada, ulisimama karibu sana na maji, lakini leo uko mbali nayo kwa sababu mchanga ulijikusanya mbele yake mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo angalia ukingo unafanya nini kwa muda mrefu, na uwaulize wazee waliozaliwa hapo maji yalikuwa yakifika wapi.

Msingi

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasiharakishe. Mwaka 1759 mhandisi Mwingereza John Smeaton alimaliza mnara wa Eddystone juu ya mwamba ulio baharini, akitumia mawe ya matale yaliyochongwa ili yashikane kama meno, na chokaa iliyochanganywa na majivu ya volkano kutoka Italia ili igande hata ndani ya maji. Mnara huo haukuanguka. Ulilazimika kuondolewa baada ya zaidi ya miaka 100 kwa sababu mwamba uliokuwa chini yake ulianza kuliwa na mawimbi, na sehemu yake ya juu ikajengwa upya katika mji wa Plymouth, ambako inasimama hadi leo. Fundi alikuwa amefanya kazi yake vizuri kuliko mwamba.

Sisi wa Goma tuna sababu zetu za kuuogopa mwamba. Lava inapotiririka, uso wake hupoa na kuwa gamba huku moto ukiendelea kukimbia chini, na ukimalizika huacha njia tupu zilizofunikwa. Mahali panapoonekana kuwa jiwe zima panaweza kuwa paa la pango. Kwa hiyo, baada ya kuondoa udongo na majani, chukua mtaimbo mzito, uinue hadi kifuani na uuangushe wima kila baada ya hatua moja katika eneo lote la msingi. Mwamba mzima hulia mkavu na kuurudisha mtaimbo mkononi kwa kishindo kifupi, ilhali gamba lililo juu ya uwazi hulia kama ngoma, na mlio wake hudumu kidogo baada ya pigo. Ukisikia ngoma mahali pamoja tu, vunja hapo uone. Ukiisikia mahali pengi, hamisha mnara. Katika Idjwi, ambayo haikuzaliwa na volkano kama Chegera na ambayo miamba yake ni ya kale zaidi, tatizo la kawaida si mapango bali udongo mzito juu ya mteremko, na hapo huna njia nyingine ila kuchimba hadi ufike kwenye mwamba.

Kuchimba nako kunahitaji tahadhari ambayo vitabu vya ujenzi vya nchi nyingine haviitaji. Kando ya kaskazini ya ziwa letu hutoka mazuku, yaani hewa nzito ya kaboni inayojikusanya katika mabonde na mashimo, hasa alfajiri kabla ya upepo kuvuma. Haionekani wala hainuki. Ukikuta ndege, panya au wadudu wamekufa katika bonde, usichimbe hapo. Katika shimo lolote linalofika kiunoni, mtu asiingie asubuhi kabla jua halijapanda na upepo haujapita, na asiwe peke yake kamwe. Wengine hushusha mshumaa kwanza. Ukizimika ni onyo la kweli, lakini ukiendelea kuwaka usiuchukulie kuwa kibali, kwa sababu binadamu hulemewa na hewa hiyo kabla mwali haujashindwa.

Shimo liwe la mviringo, lenye kipenyo cha mita 3.2, na msingi wa zege na mawe uwe na unene wa sentimita 60. Ndani yake laza mviringo wa nondo za milimita 12, na uache nondo nne zimesimama wima, kwani zitapanda pamoja na ukuta hadi juu. Gharama hiyo isikuume. Bukavu ilitikiswa tarehe 3 Februari 2008 na tetemeko la ukubwa wa 5.9, na baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 ardhi ya Goma ilitetemeka siku kadhaa mfululizo hadi kuta zikapasuka. Mawe yaliyopangwa bila kufungwa hustahimili uzito vizuri sana, lakini hayastahimili kuvutwa huku na huku.

Ukuta

Mnara wa mviringo huwatia waashi wengi hofu, ilhali kwa hakika ni rahisi kuliko wa pembe nne, kwa sababu hauhitaji mawe ya kona. Simamisha bomba la chuma katikati kabisa ya msingi, lipime kwa timazi pande mbili, ulifunge lisitikisike, na ulifungie kamba inayozunguka. Urefu wa kamba ndio nusu ya kipenyo cha mnara. Safu ya kwanza kamba iwe sentimita 120, na kila unapopanda safu moja ya sentimita 25 ifupishe kwa sentimita 2. Ukifika safu ya 20 utakuwa na mita 5 za kimo na karibu sentimita 80 za kamba, na mnara utakuwa umejinyoosha wenyewe ukipungua kuelekea juu kama inavyotakiwa, bila mtu yeyote kukisia kwa jicho.

Upande wa ndani usipungue. Acha shimo lililonyooka lenye kipenyo cha sentimita 80 kutoka chini hadi juu, ambamo mtu mmoja anaweza kupanda kwa vipande vya nondo vilivyozamishwa ukutani kila sentimita 30. Ukuta utakuwa na unene wa sentimita 80 chini na karibu sentimita 40 juu. Wajenzi wa Gibraltar Point walifuata kanuni hiyohiyo ya kuweka unene mwingi chini, na walifanya vyema, kwa sababu mwaka 1832 mnara wao uliokuwa na mita 16 uliongezwa hadi karibu mita 25 na ukaubeba mzigo huo bila kulalamika. Usiache mlango upande unaopigwa na mawimbi.

Kuhusu mawe, yale ya volkano tunayoyafahamu Goma ni mazuri lakini yana tabia mbili. Ya kwanza ni kwamba yana vitundu, na vitundu hunywa maji. Jiwe kavu likiwekwa juu ya udongo wa simenti huunyonya maji yake yote kabla haujashika, na baada ya mwezi utaweza kulichomoa kwa mkono. Lilowanishe kwenye pipa hadi liache kutoa mapovu, kisha lisubiri kidogo uso ukauke. Tabia ya pili ni vumbi jeusi linaloganda usoni, ambalo halina budi kusuguliwa kwa brashi ya waya. Mchanganyiko unaotosha ni ndoo moja ya simenti kwa ndoo nne za mchanga uliooshwa, na maji kidogo kuliko vijana watakavyopenda.

Kila jiwe lilale juu ya tumbo lake, yaani upande wake mpana, wala lisisimamishwe kwa ajili ya kuonyesha sura nzuri nje. Kiungo cha wima kisikae juu ya kiungo kingine cha wima. Katika kila mita moja ya mraba weka angalau jiwe moja refu linaloingia ndani sana ya ukuta, ili uso wa nje na uso wa ndani usije ukaachana kama maganda. Nimeona ukuta wa mawe uliojaa kokoto na vipande vya udongo katikati. Kwa nje ulikuwa mzuri ajabu, na mvua ya pili ilipouingia, tumbo lake lilivimba. Usipandishe zaidi ya safu nne kwa siku. Kila jioni funika kazi kwa magunia yaliyoloweshwa, na uendelee kuyalowesha kwa siku saba, hata kama Juni na Julai hakuna mvua. Kwa kweli, hasa kwa sababu hakuna mvua.

Kimo kikifika mita 2.5 weka mkanda wa zege wenye nondo, ule ambao mafundi wetu huuita shenaji, na mwingine juu kabisa, ukiwa umezifunga ndani yake zile nondo nne za wima. Acha tundu mbili za hewa karibu na chini na mbili chini ya mkanda wa juu, zikiwa na wavu wa kuzuia popo, kwa sababu mnara uliofungwa hutoa jasho ndani na jasho hilo huua nyaya za umeme haraka kuliko mvua.

Zege ikishakomaa, upake mnara wote chokaa nyeupe mara tatu. Hilo si pambo. Minara sita ya mawe iliyojengwa katika miaka ya 1850 kuzunguka Ziwa Huron na Ghuba ya Georgian, baadhi yake visiwani, huonekana kutoka mbali mchana kwa sababu ni myeupe mbele ya miti ya kijani. Mbele ya ukingo wetu mweusi, weupe hufanya kazi hata zaidi.

Taa

Mwaka 1823 Mfaransa Augustin Fresnel aliweka katika mnara wa Cordouan lenzi iliyoundwa kwa pete za kioo, ambayo ilikusanya nuru iliyokuwa ikipotea juu angani na chini miguuni na kuisukuma yote kuelekea upeo wa maji. Taa ndogo za leo za majini zina pete hizohizo zilizofinyangwa kwa plastiki. Nunua yenye pete. Balbu tupu ya nyumbani, hata ikiwa na nguvu mara tatu, humulika zaidi mawingu na mbuzi kuliko boti.

Rangi iwe nyeupe, kwa kuwa nyekundu na kijani hutumika kuonyesha pande za njia ya maji na huleta mkanganyiko zikiwekwa ovyo. Utambulisho wa taa uwe katika kumeta kwake. Ninapendelea mimeto miwili, kila mmoja wa sekunde 1, ikifuatana kwa karibu, kisha giza hadi sekunde 10 zitimie. Mvuvi hawezi kuiga jambo hilo kwa bahati mbaya, na nahodha anaweza kuhesabu bila saa. Kama kisiwa cha jirani kina taa inayometa mara mbili, yako imete mara tatu.

Kumeta huokoa betri pia. Taa ya wati 10 inayowaka sekunde 2 tu katika kila 10 hutumia wastani wa wati 2, na kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta ambako usiku una takribani saa 12 mwaka mzima, hesabu ni wati-saa 24 kwa usiku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240, na hata ukikataa kutumia zaidi ya nusu yake ili isife mapema, unazo siku tano za mawingu bila wasiwasi. Paneli ya wati 30 itaijaza tena. Ielekeze juu ikiwa na mwinamo mdogo, kiasi cha mvua kuisafisha, na usiilaze kabisa, kwa sababu ndege wa majini wataifanya kiti. Boliti zake zichomelewe baada ya kukazwa. Sihitaji kueleza kwa nini.

Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi zaidi duniani, na kitu kirefu kikiwa peke yake kisiwani ni mwaliko. Weka ncha ya shaba juu ya taa na ushushe waya mnene wa shaba nje ya ukuta, bila kuukunja kwa pembe kali. Mwamba wa lava haupokei umeme vizuri, kwa hiyo fimbo fupi iliyopigwa chini haitoshi: waya huo upelekwe hadi majini, kwenye kina ambacho ziwa halitakiacha wazi wakati wa kiangazi, na upande huo watu wasioge wala kufua.

Jaribio na utunzaji

Kabla ya kukaza taa moja kwa moja, iache imefungwa kwa kamba kwa usiku tatu, na uende majini kuitazama. Kaa kilomita 2, kisha 5, kisha 8, katika kila upande ambao boti hutokea, na umpe saa mtu ambaye hajawahi kuiona taa hiyo ili akuambie inameta mara ngapi. Akisita, badilisha. Fanya usiku mmoja kati ya hiyo mitatu uwe wa giza kabisa, wakati wavuvi wa sambaza wametoka wote. Baadaye pitisha habari kwenye gati la Kituku mjini Goma na katika kila gati ambako boti za kisiwa hicho hufika, ukieleza mimeto, sekunde na mahali, na uiandike kwa rangi kwenye ubao.

Mtunzaji mmoja anatosha, mradi alipwe. Kila wiki afute paneli kwa kitambaa chenye maji, apande kukagua kutu kwenye viungo vya waya, na kila jioni ahesabu mimeto kutoka mlangoni kwake na kuweka alama katika daftari. Chokaa irudiwe kila mwaka mwezi wa Julai. Betri ibadilishwe kabla haijafa, kwa kawaida baada ya miaka mitatu au minne, na ile mpya inunuliwe mwezi wa Agosti, kabla mvua za Septemba hazijaanza.